Chaki Inayorudishwa

Mgeni rasmi, afisa elimu wetu; mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi, shikamooni.

Karibu sana. Mara ya mwisho ulipofika ulisimama dirishani tu, hatukuwahi hata kukusalimia. Leo umekaa kitini na maji ya kunywa yapo mezani. Tumefurahi mno.

HISTORIA YA MCHEZO

Darasa letu lina wanafunzi arobaini na wanane na ubao wenye tundu katikati. Mwaka jana hesabu za mabano zilitutoa jasho. Ukitupa 20 − 2 × (3 + 4), tulianzia kushoto kama wasoma gazeti, tukatoka na 58, tena kifua mbele! Ndipo mwalimu wetu wa hesabu akatugawa timu: kila safu ya madawati timu moja, chaki moja. Wa kwanza anafungua mabano, wa pili anagawanya na kuzidisha, wa tatu anajumlisha na kutoa, walio nyuma yake wanahakiki. Ukiona mwenzako kakosea, hufuti. Unamrudishia chaki, na timu nzima inasema, "Rudia hatua yako, tunakungoja!" Akicheka mtu, timu yake inatoka.

MAFANIKIO

Waliofaulu walikuwa tisa. Muhula uliopita walifika thelathini na mmoja. Lakini fahari yetu kubwa ni Polepole. Jina hilo tulimpa sisi, kwa utani usiopendeza, maana alikuwa hajawahi kumaliza swali ubaoni. Siku ile uliyosimama dirishani, zamu ya kujumlisha na kutoa ilikuwa yake. Chaki ilimrudia mara tatu. Tulipiga kelele za "tunakungoja" mpaka sauti zikatukauka. Mara ya tatu akaandika 6, jibu sahihi, akageuka, akaangua kilio. Mwalimu akamwambia, "Lia tu mwanangu, umeshamaliza."

CHANGAMOTO

Wewe uliona mtoto analia na wenzake wanampigia kelele. Kutoka dirishani, hata sisi tungekasirika, na tunajua ulitaka kumtetea. Ukaandika barua kwamba mwalimu anatudhalilisha, mchezo ukome, na muhula ukiisha ahamishwe.

Sasa darasa limetulia tuli. Mwalimu anaandika, sisi tunanakili, akimaliza anaangalia nje. Polepole hajashika chaki ubaoni tena. Inatuuma sana, hatutaficha.

OMBI

Tulikuwa na maombi manne, likiwemo la ubao mpya. Matatu tumeyafuta wenyewe. Mwalimu mkuu alipoipitia risala alilifuta na hili la nne. Utuwie radhi, mwalimu mkuu, tumelirudisha. Muhula unaisha Ijumaa.

Tunaomba mwalimu wetu asihamishwe.

Mgeni rasmi, ulitoa jibu kabla ya kufungua mabano. Kwetu kosa hilo si aibu. Kila mmoja hapa amewahi kulifanya, na leo hakuna atakayecheka. Anayekusomea risala hii ndiye Polepole mwenyewe. Akikosea neno umngoje alirudie, na kama analia, usiogope.

Mungu akujalie afya, akulindie watoto wako, akufikishe salama nyumbani.

Chaki hii hapa, ipokee. Rudia hatua yako, tunakungoja.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Sita, safu zote nane.