Mzee Abel Mageni na Kitabu cha Bwana Framroz

Mzee Abel Mageni, ambaye leo tumekuja kumlaza hapa Nyarugusu, alizaliwa tarehe 12 Machi 1947 huko Old Shinyanga, mtoto wa tatu kwa wazazi wake. Shule alifika darasa la nne tu, ng'ombe wa baba yake wakamwita.

Mwaka 1965 aliajiriwa kuwa mpishi mjini Shinyanga, kwa Bwana Framroz, Mparsi, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kila alfajiri bwana yule alinawa, akaifungua na kuifunga upya kamba yake takatifu ya kiunoni, akasali kwa kitabu cha Avesta, maandiko matakatifu ya dini yao ya Zoroasta. Siku moja alimkuta Abel anapuliza jiko kwa mdomo.

“Abel! Moto ni kitu kitakatifu, usiutemee mate. Chukua upepeo.”

“Hata huu wa ugali, bwana?”

“Hasa huo wa ugali!”

Mwaka 1971 Abel alifunga ndoa na Paskazia, kanisani, akahamia nyumbani kwao na upepeo wake, na jiko hakulipuliza tena kwa mdomo. Mkewe alimtania mpaka uzeeni: “Sijui nimeolewa na Mkatoliki wa namna gani.”

Bwana Framroz alipougua mwaka 1984, alimkabidhi kile kitabu. “Mtunzie mpwa wangu Dinshaw. Atakuja kukichukua.” Bwana akafa, na Dinshaw hakuja. Abel akahamia huku kuchimba dhahabu. Alikuwa akitoka kwenye duara, shimo la machimbo, ana tope mpaka kwenye kope, na kitabu hakukigusa mpaka aoge. Herufi zake hakuzijua hata moja. Mara mbili alipanda treni hadi Dar es Salaam kuulizia, akaambiwa familia ile ilishahama nchi. Ilikokwenda, hakuna ajuaye.

Kifua kilimwanza mwaka 2022, vumbi la mawe lile. Kitandani, kila gari likisimama nje aliuliza, “Ni Dinshaw?”

“Bado, baba,” bintiye Lusia alimjibu.

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa kumi alasiri.

Jana mwanawe Davis, kwa mapenzi tu, alikiweka kitabu ndani ya jeneza. Lusia akakitoa huku analia. “Kaka, baba alisema hiki hakikai na maiti, kwa dini ya bwana wake maiti ni najisi. Hata maiti yake.”

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu saba, na kitabu cha watu. Mwenye habari za Dinshaw amwone Lusia baada ya mazishi. Mzee wetu apumzike kwa amani. Zamu ya kungoja sasa ni yetu.