Bwawa la Mayai la Ulu Berangin Limepoa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dato' Wan Zulfadli, mama mheshimiwa, wakuu wa baraza la mji, wazazi na watoto mliotoka majini kuja kutusikiliza,

Sisi wauza mayai, wakaanga ndizi na wakodisha maboya wa chemchemi ya maji moto ya Ulu Berangin tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ngoma za getini ni za wajukuu wetu. Kabla hujafika waliupokea kwa shangwe msafara wa harusi uliopotea njia. Bwana harusi tumempa chai.

HISTORIA
Familia zilianza kuja hapa tangu enzi za babu zetu. Asubuhi watoto huenda maporomokoni, ambako kima huwavua kofia. Mchana huwalisha kulungu, na jioni hushuka kwetu. Tuna bwawa kubwa la kuogea na dogo la kuchemshia mayai. Watoto huyachora mayai nyuso kwa kalamu za rangi ili kila mmoja ajue lake, kikapu kinatumbukizwa, kisha familia inakaa kusubiri huku ikigombana kidogo. Baba mmoja alituambia kuwa hapo ndipo alipoongea na mwanawe kwa mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe.

MAFANIKIO
Tumepewa tuzo ya mahali panapofaa familia. Bango lake ni kubwa mno, na choo hakionekani tena. Wageni wanaokitafuta tunawaelekeza.

CHANGAMOTO
Mwaka jana alitutembelea kiongozi mmoja. Jina hatulitaji, kwa kuwa leo ameketi mstari wa mbele, katikati. Kosa lilikuwa letu. Kwa furaha ya kumpokea tulitundika picha yake, ikakifunika kibao kisemacho "Bwawa la mayai, usitie mguu." Kiongozi akavua kiatu, akatia mguu. Aliyoyasema tumeshayasamehe. Muda si muda likaletwa bomba la maji baridi, kwa usalama wa watoto, likaunganishwa na bwawa la mayai.

Tangu hapo mayai hayaivi. Afisa mmoja alituuliza tunalalamika nini, ilhali kila asubuhi tunakula mayai mabichi-mabichi kwa sosi ya soya na pilipili. Tulimjibu kwamba yale tunayaacha mabichi kwa hiari yetu. Hata kima, ambao zamani walituibia mpaka vifuniko vya ndoo, sasa wakiiba yai hulionja na kuturudishia. Wanaturushia.

Mwenyekiti wetu na shangazi wa wote, Mak Cik Kelesum, mjane aliyelea wanawe kwa mayai haya, aliona aibu kuliko sisi sote. Akawa anachemsha mayai nyumbani kwa gesi na kuyaficha chini ya meza. Familia ikishatumbukiza kikapu, Mzee Letchumanan, muuza dengu za kukaanga, aliwaita wakaone kenge nyuma ya choo. Kenge hakuwepo. Wakigeuka, Mak Cik alibadilisha mayai, na Bwana Chee Keong wa maboya, mwenye mkono mwepesi, akanakili michoro. Biashara ikachangamka, Mak Cik akakonda.

Siku moja binti mdogo kutoka mjini Ipoh aligeuza yai lake huku na huku.

"Nyanya, paka wangu ana jicho moja. Huyu ana mawili."

Mak Cik alibanwa. Akasema, "Limepona, mjukuu wangu. Maji haya ni dawa."

Jumamosi iliyofuata binti yule alirudi akiwa amempakata paka mwenyewe, chongo, aliyefungwa utepe shingoni. Alimwosha taratibu, akakaa naye ukingoni, kila mara akimtazama usoni. Hakulia. Alimwambia mama yake wasubiri kidogo, huenda dawa inachelewa. Mak Cik alikwenda nyuma ya bango la tuzo, na sisi tulimsikia akilia.

Jioni alituita. "Gesi nimezima," alisema. "Bwawa likirudi nitauza. Lisiporudi nafunga meza. Mtoto mwingine simdanganyi."

Mgeni rasmi, tunaogopa kweli. Mak Cik akifunga meza, hakuna atakayesafiri na watoto kuja kukaa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo kwao yamo bafuni.

MAOMBI
Hatuombi barabara, wala bango. Tunaomba bomba la baridi liondolewe kwenye bwawa la mayai tu. Uzio wa kuzuia watoto tutajenga wenyewe, na miguu ya viongozi tutailinda zaidi.

Asubuhi hii afisa itifaki alitusihi mayai yako yachemshwe kwa gesi, picha zipendeze. Mak Cik alimkatalia. "Mheshimiwa ni mtu mzima," alisema. "Ale yaliyopikwa na bomba lake." Yamo bwawani tangu alfajiri. Yanaletwa sasa, na tunakuomba upasue la kwanza mbele ya wananchi.

Mungu akujalie afya na miguu mizima, na atuchemshie tena maji yetu.

Ni sisi, Umoja wa Wauza Mayai na Wakodisha Maboya, Ulu Berangin.

Imesomwa na Chee Keong, kwa niaba ya Mwenyekiti, anayekujia na kikapu. Taulo analo begani.