Mume Wangu Alivyorudi Kula na Wenzake

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Nyamisi wa Murangi. Wengi mnanifahamu kwa kuuza dagaa, ila leo nimesimama kusema jambo nililolificha mwaka mzima.

Mume wangu ni fundi wa mitumbwi. Alikuwaga na mkono mtulivu, watu wa visiwa vya ziwani kwetu walikuwa wanamfuata yeye tu. Kisha ule mkono ukaanza kutetemeka. Randa ikamshinda, halafu vifungo vya shati, halafu kijiko. Watu wa ukoo wakasema amerogwa. Hospitali, kule Musoma, wakatuambia ni Pakinsoni, ugonjwa unaozidi taratibu. Dawa za kuutuliza zipo, ya kuumaliza hakuna.

Ndugu zangu, sikuyapokea. Nikawa namlisha, namvika, namwogesha, haraka haraka niwahi sokoni. Wageni wakija namwacha chumbani. Nilisema nalinda heshima yake. Kumbe nalinda yangu! Asubuhi moja akajaribu kunywa uji mwenyewe, ukamwagika kwenye kitambaa nilichotoka kufua. Nikampiga mkononi. Mimi, nikampiga baba wa watoto wangu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mama Nyamisi, mimi ni mgonjwa, siyo mtoto." Akakataa kula siku mbili.

Siku ya pili nilipiga magoti jikoni. Sikumwombea yeye apone. Nilimwomba Mungu aniponye mimi. Nikaenda nikamwomba mume wangu msamaha. Akasema nimrudishe kliniki.

Safari hii wakatupeleka kwa dada mmoja wa tiba kwa vitendo, hawa wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku. Akamwuliza, "Baba, ungependa ufanye nini mwenyewe?" Nikafungua mdomo nimjibie, yule dada akaninyooshea kiganja nisubiri. Mume wangu akasema, "Nataka kula na wanaume wenzangu."

Basi tukaanza. Kijiko tulikizungushia mpira wa baiskeli kinenepe, asikiangushe. Viwiko anaegemeza mezani. Mlangoni, pale miguu yake inapoganda, tulichora mistari ya rangi, anaivuka mmoja mmoja. Mimi dawa yangu ilikuwa kukaa na kusubiri, na hiyo ndiyo ilikuwa chungu. Akifunga kifungo kimoja, maji ya ugali yanachemka na kupungua! Mara ngapi nilikalia mikono yangu nisimsaidie.

Juzi jirani yetu aliozesha binti. Mume wangu alivaa shati mwenyewe, akaketi na wazee wa kanisa, akala wali. Punje zilimwanguka. Mzee mmoja akamsogezea mchuzi, wakaendelea na habari zao za ziwa. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa kumshukuru Mungu.

Ugonjwa bado upo, sitawadanganya. Mguu wa kushoto sasa anauburuta. Lakini Mungu amenitoa kwenye aibu na hasira, na amenirudishia mume niliyekuwa nimemzika akiwa hai.

Ndugu zangu, kama kwako kuna mgonjwa nyuma ya pazia, mtoe. Mpeleke hospitali, na umtegemee Mungu. Aliyenivumilia mimi hatashindwa na wewe. Na ukipita Murangi, karibu nyumbani. Mume wangu utamkuta sebuleni. Habari zake usiniulize mimi, muulize mwenyewe.