Kigari Chekundu cha Derick

Katika Haisi ya kutoka Muleba kwenda Bukoba, kijana aliyekaa mbele yangu alimwonyesha mama wa pembeni yake picha kwenye simu. Kilikuwa kigari chekundu chenye spoti rimu, kimelala chini kama paka anayevizia panya.

"Nanunua hiki," alisema. "Kimetumika Japani tu. Ukikanyaga mafuta, ni risasi."

"Utayakanyagia wapi, mwanangu?" aliuliza mama, ambaye ndani ya dakika kumi alikuwa ameshajua kwamba kijana anaitwa Derick, ni mwalimu mjini, na hana mke.

"Kazini, na kila Jumamosi nyumbani Buganguzi."

"Na yale mawe? Utaacha bampa njiani."

"Nitaweka spesa, kinyanyuke. Nimeshapima kwa rula."

"Ulipima pamoja na ndizi za mama yako?"

Derick aliitazama tena ile picha. Kwetu huwezi kwenda kusalimia wazazi ukarudi mikono mitupu. Mkungu hukatwa kabla hujamaliza chai.

"Nitamwambia siku hizi nakula wali," alisema hatimaye.

"Waitu! Umwambie mama aliyekuzaa?" Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

"Mimi ni mtu mzima, mama. Nikisema hapana, ni hapana." Alisema kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana spoti rimu.

Tulipofika stendi, konda alipanda kwenye keria akaita, "Hii mikungu minne ni ya nani?"

Derick alirudisha simu mfukoni, kisha akanyoosha mkono taratibu, kama mwanafunzi wake mwenyewe.