Mama Kiu na Kikombe cha Asubuhi

Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, daktari wetu mkuu wa upasuaji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Sista mkuu wa wodi ameniomba niandike machache, ingawa kazi yangu ni kusukuma machela na shule niliiachia njiani. Alisema ya kisu wataandika madaktari; mimi niandike ya korido. Haya basi.

Alipofika hapa alikuwa mwembamba, mkali, asiye na muda wa salamu ndefu. Ameshona matumbo ya watu wengi, na karibu kila anayeshika kisu hapa leo amepita mikononi mwake. Viatu vyake vya kijani vya chumba cha upasuaji vilipasuka pembeni, na hakuna aliyethubutu kumwambia avitupe. Chai aliimimina asubuhi, akaikuta jioni ina utando.

Miaka hiyo ya mwanzo sisi wa korido tulimwita Mama Kiu, kwa siri. Amri yake ilikuwa moja: anayepasuliwa kesho, tangu chakula cha jioni asile wala asinywe, hata tone. Wa kwanza kwenye zamu ya kupasuliwa na wa mwisho walifungwa mdomo pamoja. Sababu tuliijua. Mtu akipewa nusu kaputi tumbo likiwa limejaa, anaweza kutapika usingizini, matapishi yakaingia kwenye mapafu, akafa. Si jambo la mchezo. Ila ikitokea ajali barabarani zamu nzima inasogea, na mimi ndiye niliyewarudisha wodini watu wenye midomo mikavu, wakiniuliza wamekosa nini. Hilo lilinichosha kuliko machela yenyewe.

Kisha akaja fundi viatu, mgonjwa wa ngiri. Siku ya kwanza aliahirishwa chakula cha jioni kikiwa kimeshapita, na papo hapo mfungo wa kesho ukaanza upya. Siku ya pili zamu ikasogea tena. Mchana, nikimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, alinishika shati.

"Kaka, nimekula mkate chooni. Usiniseme, watanirudisha."

Nikasimamisha machela, nikaenda kusema. Daktari alitoka na barakoa shingoni, akawaka.

"Unataka kunifia mikononi, baba?"

"Mama, nilikuwa nakufa kitandani. Tangu juzi nalamba maji ya kusukutulia."

Akamgeukia daktari wa usingizi, akamuuliza mwongozo unasemaje hasa. Yule akamwambia chakula chepesi kisimame masaa sita kabla, lakini maji matupu mtu anaweza kunywa mpaka yabaki masaa mawili.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, dada. Nilidhani unajua, unakataa tu."

"Na mimi nilidhani hayo ni mambo yako."

Akakaa kwenye benchi la korido, yeye ambaye hatukuwahi kumwona amekaa. Fundi alirudi wodini, akala, akapasuliwa kesho yake akiwa wa kwanza. Ndiye aliyevishona vile viatu vya kijani, na ndiyo maana bado vinatembea.

Tangu hapo kila asubuhi daktari alipita wodini kitanda kwa kitanda: wewe kunywa, wewe kunywa tena, wewe sasa basi. Zamu ikisogea, kabla hajanawa mikono alipiga simu wodini, wa mwisho apewe maji. Wapasuaji wenzake walikunja uso, mkubwa mzima kuhangaika na vikombe. Daktari mmoja mrefu alisema wazi kwamba hiyo si kazi ya mpasuaji. Aligombezwa kama sisi wengine. Jina la Mama Kiu halikubadilika, ila sasa tulimwita usoni, naye akaitika.

Niseme ukweli, niliposikia anaondoka niliwafikiria wale wa mwisho kwenye zamu, hasa kwa kuwa anayempokea kazi ni yule yule daktari mrefu. Mimi nimechoka. Sitaki tena kusukuma watu wakavu.

Jumanne iliyopita ililetwa ajali. Mama Kiu alikuwa na mikono ndani ya tumbo la mtu, simu hawezi kuishika. Zamu ikasogea. Nikashuka wodini kumtazama bibi aliyekuwa wa mwisho, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza. Kando yake palikuwa na kikombe kitupu.

"Yule mrefu kapiga simu," bibi akaniambia. "Kasema ninywe, halafu nitulie. Wewe mbona unahema?"

Nikapanda kumpa habari Mama Kiu kupitia mlango. Aliendelea kushona, lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Asante, Mama, kwa kisu na kwa kikombe. Asante pia kwa kuniuliza habari za mama yangu aliye mbali, hata siku ambazo nguvu za miguu zilikuwa zimekuishia. Nenda kapumzike. Sisi wa korido tunakuombea asubuhi zisizo na simu, na chai utakayoimaliza ingali ya moto.