Ndoo ya Chumba cha Mashine

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia lifti za hospitali yetu, fundi wetu mpendwa, Baba Taratibu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kuanzia Jumatatu lifti zote zitakuwa mikononi mwangu, fundi hodari kuliko wote kitengoni, kwa maelezo yangu mwenyewe. Wagonjwa wasiwe na shaka. Shaka ninayo mimi, inatutosha wote.

Alianza kazi akiwa mkali kama pilipili. Siku moja lifti ilikwama na mtawa wa Kibudha ndani. Fundi alifungua mlango akitarajia matusi, akamkuta mgeni ameketi sakafuni, katulia kama yuko sebuleni kwake. Akamfuata hadi getini kumuuliza anafanyaje. Tangu hapo, lifti ikikwama, Baba Taratibu huingia chumba cha mashine, huketi kwanza juu ya ndoo iliyofudikizwa, hufumba macho, huifuata pumzi yake ikiingia na kutoka, ndipo hushika gurudumu la kuishusha lifti kwa mkono. Kuna siku daktari mkuu alimwita mvivu, na siku nyingine akamwita shujaa. Zote mbili alijibu, "Sawa, daktari," kwa sura ileile.

Mimi niliwaambia wauguzi kwamba mzee anasinzia tu.

Wiki iliyopita lifti ikakwama naye ndani. Nikapiga simu ya lifti, kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikajua basi, nimemuua mzee wa watu na keki ya kumuaga imeshaagizwa. Nikalivamia gurudumu, nikalizungusha upande usio wake. Ikabidi niketi kwenye ndoo. Nikaifuata pumzi, ikanipotea, nikaanza upya. Woga haukuondoka hata kidogo, ila mikono ilirudi kazini.

Mlango ulipofunguka, alikuwa ameketi sakafuni, kafumba macho. Kumbe simu aliisikia vizuri sana. Alisema kama angeipokea, ningemsikiliza yeye badala ya kuisikiliza mashine. Nikamuuliza woga huisha baada ya miaka mingapi. Akacheka.

"Mwanangu, mimi naogopa mpaka leo. Siufukuzi, siukumbatii. Naupa nafasi ukae, halafu nafanya kazi."

Baba, asante kwa kazi yako na kwa kuuvumilia mdomo wangu. Kapumzike, ukacheze na wajukuu, afya na heri zikufuate hadi nyumbani. Ndoo tu ndiyo tunakuomba uiache. Jumatatu nitaikalia kabla hata lifti haijakwama.