Kamba Niliyoiona Nikanyamaza

Assalaam aleikum, jamaa. Nimesimama, lakini msitazamie maneno laini kwangu. Hasira ningali nayo.

Wakati wa vita nilikuwa sarahangi, msimamizi wa mabaharia, katika meli ya matanga ya kufundishia mabaharia wapya. Afisa wa Kizungu alishika kitabu, mimi nilishika kamba. Kufunga mafundo, kukunja tanga, kuutambua upepo, yote walijifunza kwangu, wakaniita mwalimu. Siku moja afisa akalisikia jina hilo. Akanifokea mbele yao: "Mwalimu hapa ni mimi. Wewe boi, fanya kazi, usiseme mpaka uulizwe."

Ndugu zangu, nawaambia, liliniuma. Mimi nilikuwa baharini kabla yeye hajajua kuogelea.

Asubuhi yake tuko nje ya Shelly Beach. Afisa akamwamuru mwanafunzi mmoja, mtu wa Magogoni, apande akakunje tanga. Nikaitazama kamba ya kukanyagia kule juu, naona imelika. Neno moja lingetosha. Nikasema moyoni, si nimeambiwa nisiseme? Basi afisa na aone mwenyewe. Nikanyamaza.

Kamba ikakatika. Yule mtu akaanguka sitahani, mguu ukavunjika mahali pawili.

Lawama nikatupiwa mimi, nikafukuzwa. Nikajifungia nyumbani Bofu, nikanywa tembo, mimi niliyesoma Kurani chuoni kwa babu yangu. Mke wangu akisema neno, namtukana. Msicheke huko nyuma, nanyi mwayajua yenu.

Mwaka ukapita. Siku moja nikasikia hodi. Ni yule wa Magogoni, na mikongojo yake.

"Mwalimu, ile kamba uliiona?"

"Niliiona."

Akanizaba kofi. Wallahi, sikuinua mkono. Kisha akaketi, akasema, "Kupanda siwezi tena. Nifundishe usukani. Hilo huwezi kunikatalia."

Tembo niliacha siku ile. Nilimfundisha kwa mashua ya shemeji yangu, miezi mingi, namfokea, naye anifokea. Leo tunafundisha wanagenzi pamoja, na hapandi mtu mlingotini kabla sijazishika kamba zote kwa mikono yangu.

Namshukuru mke wangu, aliyenivumilia ingawa sikustahili. Namshukuru shemeji kwa mashua yake. Na yule ndugu namshukuru kwa lile kofi, na kwa kuwa baada yake aliketi.

Afisa sijamsamehe, sitawadanganya. Lakini jamaa, mtu akikuvunjia heshima, gombana naye yeye. Mimi nilimnunia mkubwa, naye hakuumia hata ukucha. Mguu uliovunjika ulikuwa wa mwenzangu.